Nilikubakizia Mshono Mmoja

Cheka, usijizuie. Nimekuzaa mimi, najua kicheko chako kinaanzia puani kabla hakijafika mdomoni. Mtu mzima na ndevu zako, kutwa nzima unashindilia sufi kwenye vitambaa, halafu wewe ndiye wa kuniambia kipi kipo duniani na kipi hakipo. Mama kazeeka, mama anaongea na vyombo. Haya. Lakini haya niliyokuja kukwambia sikusimuliwa na mtu. Niliyalalia, kwa shavu hili hili.

Kaa chini. Sogeza taa huku, nina kazi ya mkono naimalizia. Mto wangu umelegea mdomo, na macho yangu bila taa ni pambo tu la uso. Usinitazame mimi, wewe sikiliza. Na ukiwa na la kusema, liseme. Leo nataka kukusikia. Tena usinong'one, sikio langu la kushoto linapokea likijisikia.

Unasema nini? Kwamba mambo ya uchawi ni ya watu wasiosoma? Endelea, usikatize. Mhm. Kwamba wewe una shughuli zako kesho asubuhi. Nimekusikia. Kila neno nimelichukua.

Sasa nyamaza nami niseme.

Unakumbuka nilivyokufundisha kazi? Ulikuwa huwezi hata kuinua fimbo ya kupigia pamba. Nikakufundisha kuchambua sufi na kutoa mbegu, ujaze pembe kwanza, tumbo liwe la mwisho. Na nikakufundisha mdomo. Pale unapopitishia sufi, ukishashika sindano ya kupafunga, karakana nzima inanyamaza. Hata mteja awe na haraka ya namna gani, anaombwa afunge kinywa mpaka uzi ukatwe. Mimi niliambiwa na aliyenifundisha kwamba kinachosemwa mdomo ukifungwa kinabaki ndani. Wewe ukasema hapana, ni ili fundi asikosee mishono. Ukawa unanicheka mbele ya wateja kwa hilo. Lakini ulikuwa unanyamaza, mwanangu. Miaka yote sikuwahi kukusikia ukifunga mto huku mtu anaongea.

Ila mara moja.

Halafu ukamwoa Redio. Jina hilo walimpa wateja, na yeye akalipokea kama mtu aliyepewa zawadi. Mwanamke alikuwa anaongea, nisimsingizie. Anaanza na salamu mlangoni, mpaka mteja anakaa ameshajua godoro lake la nyumbani linamvunja mgongo. Walikuwa wanakuja na mto mmoja wanaondoka wameagiza magodoro. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema huyu akitiwa betri mpya hatutalala. Lakini karakana ilisimama kwa ulimi wake, na wewe unajua.

Na hapo ndipo palipokuuma. Mtaani hukuwa tena fundi. Ulikuwa Mume wa Redio. Watoto wakikusalimia, "Shikamoo Mume wa Redio." Ukirudi ndani unamwaga hasira kwenye kikombe, kwenye kiti, kwenye mlango. Ukimwambia anyamaze, ananyamaza kidogo, kisha anakumbuka jambo. Siku moja nikiwa hapa hapa alikwambia, bila kelele, kwamba ukimpigia meza tena atachukua sindano zake akafungue kibanda chake upande wa pili wa barabara, na wateja watajua wa kumfuata. Uso wako siku ile niliuona. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeoneshwa kaburi lake.

Baada ya hapo ukawa mpole. Mimi, mjinga, nikashukuru.

Kisha mkeo akaamka hana sauti.

Unasema ni koo? Sema, usijing'ate. Ndiyo, hospitali mlikwenda, mimi ndiye niliyembebea mkoba. Daktari alimulika koo akasema halina kitu, zima kabisa. Unasema ni mshtuko, mtu anaweza kupoteza sauti kwa mshtuko. Sawa. Mshtuko wa nini? Eleza, nakusikiliza. Eleza kwa kirefu.

Mhm... Haya, basi.

Mbona unajikuna koo? Kunywa maji, yapo hapo. Na huko nyuma ya pazia anakohoa nani? Mkeo? Mwache, usiinuke. Ni vumbi la sufi.

Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Nilikuletea mto wangu wa zamani uutie sufi mpya. Jioni ile nikapita kuuchukua. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, wenye maduka wanavuta milango, na wewe hukuwepo. Mkeo alikuwa peke yake amekaa juu ya rundo la vitambaa. Amekonda, mabega yamechomoza kama henga ya nguo. Aliponiona midomo yake ikaanza kwenda. Ikaenda, ikaenda, hakuna kilichotoka. Nikamwambia, "Usijichoshe, binti yangu, nipe mto wangu nikalale."

Mto wangu ulikuwa mezani, umeshafungwa, nauona. Mkeo akautazama. Akaingia chumbani kwenu. Akatoka na mwingine ameufunika shuka, akaupakata kama mtoto mwenye homa. Akanitia mikononi. Akanishika vidole akavibana mpaka nikaumia. Macho yake... Nilidhani ananiaga tu kwa adabu. Nikamwambia usiku mwema, nikaondoka na mto usio wangu.

Njiani niliona ni mzito. Sufi haina uzito ule. Nikasema uzee huu.

Nyumbani nilivua viatu nikajilaza kabla hata sijawasha taa. Dirishani bado kulikuwa na mwanga mwekundu kidogo. Nikaweka shavu.

Harufu ilitangulia. Majivu yaliyomwagiwa maji. Unaijua, ile ya jiko lililozimwa kwa haraka. Nikanusa shuka, haikuwa shuka. Nikanusa mikono yangu, haikuwa mikono.

Kisha nikasikia kitu kinatembea ndani ya sufi.

Chwa... chwa... chwa...

Nikasema mbegu. Fundi mvivu, hakuchambua. Nikageuka upande.

"...na lile godoro la mwalimu lina donge upande wa miguu..."

Niliketi. Kimya. Nyumba nzima kimya, hata saa ya ukutani siku hizi haiendi. Nikateremsha sikio polepole mpaka likagusa kitambaa.

"...nilikuwa nataka kukwambia tangu wiki ile, ila ukirudi umechoka. Na mlango tungeupaka rangi, huu wa sasa unatisha wateja. Na mimi nisingeondoka, unajua. Nilisema vile kwa uchungu. Mume wangu... unanisikia?"

Alikuwa yeye.

Sauti ya Redio, yenyewe, na ile mikwaruzo yake mwishoni mwa maneno. Chini ya shavu langu.

"Mume wangu... unanisikia?"

Usinikatize, bado. Ungetegemea nipige yowe. Sikupiga. Nikabaki nimelala juu ya mdomo wa mkwe wangu, naye anaongea, anaongea, mambo ya karakana, mambo ya nyumba, watoto ambao hamkupata, kila alichokuwa amekiweka asikuudhi. Mpaka mwanga wa dirishani ukaisha.

Nami hili nalisema ili usifikiri nimekuja hapa na mikono safi. Kesho yake nilijua ni kitu kibaya. Ningeweza kukuletea asubuhi ile ile. Sikuleta. Jioni ilipokaribia nilifunga mlango mapema, nikalala tena juu yake. Kwa sababu alikuwa anaongea, na nyumbani kwangu haongei mtu. Hiyo tu. Nilijilaza kama mtu anayefungulia redio.

Sauti ilikuwa imepungua. Imekwaruza, kama kitambaa kinachovutwa juu ya msumari. Asubuhi nikapita hapa nikamkuta mkeo hata midomo haichezi tena. Amekaa, anatazama ukuta. Nikaelewa. Kila nilichokisikia mimi kilikuwa kinatoka kwake. Nilikuwa namla.

Jioni ya tatu sikulala. Nilikaa nao mapajani nikauliza, nikijiona mwendawazimu: "Nani alikufungia humo?"

Harufu ya majivu ikajaa chumba. Kisha sauti ikanong'ona taratibu, kila neno linavutwa kutoka mbali.

Kwamba shingo ilikuwa inamuuma. Kwamba ulimwambia utamshonea mto kwa mkono wako, wewe ambaye hujamshonea hata kifungo tangu harusi. Ulichagua kitambaa cha mistari ya buluu, kile kizuri cha wateja wakubwa. Alilia kwa furaha. Na ulipofika kwenye mdomo wa mto akanyamaza, anaijua kanuni kama sisi. Ukamwambia, "Usinyamaze. Zungumza na mimi. Leo nataka kukusikia."

Na akazungumza. Mwanamke ambaye hakuwahi kusikilizwa na mumewe hata kwa muda wa kunywa chai. Aliona ukimya wako, akaona ni mapenzi. Wewe unapiga mshono, yeye anaongea. Unapiga mshono, yeye anaongea. Mpaka ukakata uzi.

Unaapa? Apa. Kwa jina langu, sawa, apa tu. Sema tena kwamba hukufanya. Sema kwamba hakuna mtu aliyekuja.

Maana sauti ilisema pia kuhusu yule mrefu. Jioni, karakana inafungwa. Alisimama kizingitini, hakuingia, kichwa chake kilikuwa juu ya fremu ya mlango hivyo uso haukuonekana. Alikuwa na kipande cha uzi mweusi kidoleni. Hakuomba chochote. Alikwambia mto haukai mtupu, kilichoingia hakitoki mpaka kingine kiingie. Mkeo alikuwa nyuma ya magodoro, alisikia, akadhani ni mchuuzi tu anatangaza bidhaa yake kwa mafumbo. Ni nani? Alitoka wapi? Sijui, na nimekuja nikitumaini wewe unajua.

Unasema hukumwona uso. Kumbe alikuja.

Haya. Tumefika mahali.

Nilijaribu kuufungua kule nyumbani, usidhani sikujaribu. Nilitia wembe chini ya ule uzi mweusi. Si pamba ule, wala katani, wala nailoni, na mimi nimeshika nyuzi maisha yangu yote. Ulijivuta. Kama mnyoo. Na ndani ya mto mkeo akalia kilio cha mtu aliyebanwa kidole na mlango. Nikaacha. Nikakaa nafikiria kitu gani kingine kiingie. Nilifikiria sauti yangu. Nilifikiria kweli, kwa muda. Kisha nikaona ulimi huu bado nauhitaji, na si mimi niliyeshika sindano usiku wa mistari ya buluu. Sema mimi ni mchoyo. Nimeishi nikijua hivyo.

Unauliza huo mto uko wapi?

Tutafika.

Jibu hili kwanza, mwanangu, na ujibu ukijua anayekuuliza ni mama yako. Kwa nini?

Sema. Vuta pumzi. Sauti inakauka, naona, lakini sema.

"Nilitaka anyamaze siku moja tu."

Ndivyo ulivyosema. Siku moja tu. Ulitaka siku moja uingie karakana na watu wakutazame wewe. Halafu siku moja ikapita na hukuwa na ujasiri wa kurudisha, kwa sababu ungelazimika kumtazama usoni. Ndiyo. Hilo naliamini. Hilo ni la kweli, la kwanza tangu nimekaa hapa.

Machozi pia ni ya kweli. Nayaona.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa mkono wangu umegoma. Nimebakiwa na nafasi ndogo sana kwenye kazi hii, haizidi ncha ya kidole. Naweza kuiacha. Fundi anaweza kuacha kazi na akasema imemshinda. Mkeo yuko nyuma ya pazia, hajalala, anasikia kila kitu. Sema naye. Mwite tu. Sikuombi upige magoti, mwite kama mtu anavyomwita mkewe. Ukimwita mimi naweka sindano chini, na kilichobaki tutakitafutia njia, hata kama ni mimi nitakayelipa.

Nangoja.

...

Umesema nini?

"Nani mwingine anajua?"

Basi.

Hapana, usiinuke. Imeisha. Umeona nilivyokata uzi kwa meno? Vua hii foronya yangu ya maua. Vua, usiogope, ni foronya tu. Mistari ya buluu. Umekaa na mimi muda wote huo, taa umeisogeza kwa mkono wako, na hukutazama mara moja mikono yangu inafanya nini. Nilijua hutatazama. Hujawahi kutazama mikono ya mwanamke ikiwa kazini.

Ukisema, nilifumua mshono wake mmoja nikashona wako mmoja kwa uzi ule ule, nao ulikubali kwa kuwa kingine kilikuwa kinaingia. Nikisema mimi, sindano ililala kidoleni. Hukuliona hilo? Ulivyocheka uchawi, mishono. Ulivyoeleza mshtuko wa koo, mishono mingi, uliongea sana pale. Ulivyoapa kwa jina langu, mishono. Na yale machozi nayo. Nilikubakizia mmoja tu. Nilikubakizia, na wewe ukauchagulia neno.

Sasa jaribu. Sema "mama".

Jaribu tena.

Neno lako la kwanza lilikuwa hilo. Ulilisema juu ya rundo la pamba, umejaa nyuzi kichwani, na mimi nikamwita baba yako aje asikie. Ukalisema tena, na tena, mpaka ukalala. Nilikuwa nalifikiria njia nzima nikija hapa, na bado nikaja. Hilo litanilaza macho, si wewe.

Sikia nyuma ya pazia. Kikohozi kimekoma.

Sikia...

"Mama. Kuna baridi nje. Chukua shali yangu."

Unasikia mikwaruzo ile mwishoni? Ni yeye. Yote imerudi, au karibu yote. Kuna nilichokula mimi, na hicho sijui kama kitarudi.

Asante, binti yangu, shali nitaichukua. Na mto huu ni wako. Ukitaka umrudishie mumeo sauti yake, sharti utafute kingine cha kuingia, na ninakuomba usitafute. Ukitaka uutupe, sijui kitakachomtokea. Ukiulalia utamsikia anasema alitaka siku moja tu. Kila utakaposikiliza atapungua. Mimi sikwambii ufanye nini. Nimeamua ya kutosha kwa jioni moja.

Uzi mweusi umebaki kidogo hapa kidoleni. Najaribu kuutoa, hautoki.

Na ile harufu ya majivu, mwanangu, umeisikia sasa? Nilidhani inatoka kwenye mto. Lakini mto uko kule kwa mkeo, na harufu iko huku mlangoni, pale aliposimama yule mrefu.

Usinisindikize. Mlango wenu huu unapiga kelele ukifungwa kwa nguvu. Naufunga taratibu, kwa nje.